Dada Aliyerudi

"Mama Kanini, hebu niambie ukweli. Ulipokufa, ulisikia nini?"

Aliyeuliza alikuwa Ruqayya, mama wa mlango wa pili, asubuhi moja huko Makongeni, wote wawili wameinama kwenye mfereji wa maji wa ploti, kila mmoja na beseni lake. Aliuliza bila ubaya, vile mtu huuliza bei ya sukuma wiki. Kaluki akamjibu kama alivyozoea kujibu: "Nilisikia amani, Mama Hayat. Amani tupu."

Ruqayya alikamua shuka hadi ikalia. "Basi una bahati. Mimi ningesikia baridi," akasema, akabeba beseni kwenda kuanika.

Kaluki alibaki na povu mikononi. Alitaka kumwita arudi. Alitaka kumwambia, hata mimi nilisikia baridi, Mama Hayat, baridi na woga, na moyo ukikimbia kama kuku anayefukuzwa. Lakini mtu aliyekufa akarudi hawezi kusema hivyo kwenye mfereji, watu wakisikia. Akasuuza nguo za mtoto mara ya pili bila haja, akaingia ndani.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Miaka minne nyuma, alipokuwa akimzaa Kanini, uchungu ulimshika siku nzima na mtoto asishuke, mwisho akapasuliwa. Alidungwa ganzi ya mgongo, kwa hivyo alikuwa macho. Alisikia mtoto akilia. Halafu, kabla hajaonyeshwa, kitu kilimvuta chini. Masikio yalijaa, taa ikaenda mbali, matapishi yakampanda kooni, na kutoka mahali asipopaona akasikia sauti: Kaluki, Kaluki. Kisha akarudi. Kesho yake alimsimulia mama mkwe wake, Syokau, kwa sababu ndiye aliyekuwa ameketi pale. "Mwaitu, nilizama," alisema, akimwita mama kwa Kikamba chao. "Nilizama nikasikia naitwa."

Syokau alikuwa mjane aliyemlea Kivuva, mwanawe wa pekee, kwa jembe na kwa magoti. Alipiga magoti papo hapo kwenye sakafu ya wodi. Jumapili ile alisimama kanisani akasema mke wa mwanawe alizimia, Bwana akamrudisha. Kivuva aliposimama kusimulia Jumapili iliyofuata, katika maneno yake Kaluki alikuwa amekufa. Kufikia Pasaka alikuwa ameonyeshwa mji wa mbinguni, na mwaka wa pili ulipofika mji ule ulikuwa na malango. Kaluki mwenyewe hakulisema hata moja la hayo. Alisimamishwa mbele, akaulizwa, "Si kweli, dada?" naye akaitikia kwa kichwa. Wakamwita Dada Aliyerudi.

Hakuna aliyemwonya kwamba jina kama hilo lina upweke wake. Akina mama wa kanisa walikuja kumshika mkono awaombee, ila hawakuja tena kuomba chumvi. Wakiwa wanasukana nywele barazani, wakicheka mambo ya waume zao, yeye akitokea wananyamaza na kuvuta leso magotini. Nani atamsengenya jirani mbele ya mtu aliyetoka kwa Mungu juzi?

Mimba ya pili ilipoingia, upweke ule ukaongezeka. Kliniki walimwambia safari hii atapasuliwa kwa mpango, siku ikiwekwa mapema. Kaluki aliogopa hadi chakula kikamshinda. Aliogopa kwamba aliyemwita mara ya kwanza atamwita tena, na mara hii hatamwachilia. Lakini angemwambia nani? Mtu aliyeuona mji wa Mungu anaogopaje kurudi huko?

*

Ulikuwa mwaka wa ile mvua iliyokataa kwisha. Kivuva alikuwa amepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha nguo, yeye na wenzake wengi, na tangu hapo tumaini la nyumba lilikuwa kanisa. Washirika wa Gatongora, kule Ruiru, walikuwa wakifungua tawi na walitaka mchungaji. Kulikuwa na mhubiri mwingine, kijana mwenye cheti cha chuo cha Biblia. Kivuva hakuwa na cheti. Alikuwa na mke aliyerudi kutoka kwa wafu.

Wazee walikuwa wamekubali kumwekea mikono Jumapili itakayofuata upasuaji. Nyuma ya kanisa hilo kulikuwa na nyumba ya vyumba viwili na jiko lake pembeni. Hapo Makongeni walikuwa na chumba kimoja, Syokau na mtoto upande huu wa pazia, wenye ndoa upande ule. Usiku mtu akikohoa, wote wanaamka.

"Wazee wa Gatongora watakuja kukuona hospitali," Kivuva alimwambia wakifunga mkoba. "Ukiwa na neno, utawaambia."

"Neno gani, Baba Kanini?"

"Si utakuwa umetoka huko tena? Wewe ndiwe utajua."

Alisema kwa upole, akikunja kitenge chake vizuri. Huo upole ndio uliomfunga Kaluki mdomo. Kivuva hakuwa mwongo. Alikuwa ameisimulia hadithi ile mara nyingi mpaka akaiamini kuliko yeye aliyelala pale mezani.

Syokau alikuwa akipima unga wa uji. "Na akiwa mvulana," akasema, "jina lipo."

Jina lilikuwapo, ila yeye hakulitamka. Mtoto wa kiume wa kwanza angechukua jina la babu yake, na Syokau hakuwahi kulitia mdomoni jina la mume wake, si alipokuwa hai wala alipokwisha kuzikwa. Kwake alikuwa Baba Kivuva tu. Ndivyo alivyofunzwa na mama yake: mke hatamki. Katika nyumba ile baba mtu ndiye huinama akamwambia mtoto jina lake sikioni, na mpaka hapo mtoto huitwa mgeni.

*

Hospitali ilikuwa ya misheni, upande wa Ruiru, matope yakifika hadi kwenye ngazi za wodi. Siku moja kabla ya upasuaji Sista Nekoye, muuguzi mwenye sauti nzito na viatu vilivyochoka, alivuta kiti hadi kando ya kitanda cha Kaluki.

"Mama, nataka kukuomba kitu, na uko huru kukataa. Mtoto akishatoka, tumbo la uzazi lazima lijikaze. Lisipojikaza, damu inamwagika. Kuna dawa ya kulikaza, inaitwa oksitosini. Kila mama hapa huipata, na wewe utaipata. Shida ni njia ya kuipeana. Daktari mwingine huisukuma kwa bomba la sindano, yote mara moja. Mwingine huitia kwenye dripu ishuke polepole. Sasa tunalinganisha, tuone ni njia gani inawafaa akina mama zaidi."

"Kwani hamjui?"

"Hatujui. Tungejua hatungewasumbua."

Kaluki alimtazama vizuri. Nyumbani kwao hapakuwa na mtu aliyewahi kusema hajui.

"Na mimi nitapewa ipi?"

"Itaamuliwa kwa bahasha iliyofungwa, iliyopangwa kwa bahati tu. Mimi sichagui, daktari hachagui. Utawekewa bomba na dripu pia, lakini dawa itakuwa kwa kimoja na maji matupu kwa kingine. Hata atakayekudunga hatajua. Tusipojua, hatuwezi kujidanganya tuone tunachotaka kuona."

"Na ubaya wake ni upi?"

Sista akahesabu kwa vidole. "Ikienda polepole, pengine tumbo litachelewa kukaza. Hiyo tutaangalia, na tukihitaji tutaongeza dawa waziwazi, hatungoji bahasha. Ikienda kwa haraka, wengine presha huwashuka. Moyo unakimbia, wanatapika, masikio yanafunga. Kuna mmoja aliniambia alihisi kama anazama."

Nje mtu alikuwa akisukuma toroli ya vyombo. Kaluki alingoja ipite.

"Anazama?"

"Alisema hivyo."

"Sista, ni yeye peke yake?"

"Peke yake? Aa, wako wengi. Kwa nini?"

Hapo Kaluki akalia. Alilia bila sauti, mkono juu ya tumbo, na Sista Nekoye, badala ya kumwambia nyamaza, akavuta pazia. Kaluki akamweleza yote, hadi malango ya mji.

Sista akampa kitambaa cha kujifuta. "Mimi sikuwepo siku hiyo. Inaweza kuwa hiyo dawa. Inaweza kuwa ganzi, hata nayo hushusha presha. Au ni damu uliyopoteza. Siwezi kuapa. Lakini hayo unayonieleza, nimeyasikia hapa hapa, kwa akina mama ambao hawajafa hata kidogo."

Kaluki alicheka katikati ya machozi, na kicheko kikamshtua. Hakuwa amekisikia siku nyingi.

Kivuva alikuja mchana kutia sahihi ya upasuaji, maana mume ndiye aliyetakiwa. Alipoiona karatasi ya pili, ya kulinganisha dawa, alikunja uso.

"Bahasha? Hii ni kura, Mama Kanini. Kanisa letu halitaki bahati nasibu, na wewe unajua. Nitawaambia nini watu? Mke wa mchungaji alipigiwa kura kama mbuzi wa harambee?"

"Hata mitume walipiga kura."

"Usinihubirie." Akashusha sauti, kwa kuwa kitanda cha jirani kilikuwa kimeanza kusikiliza. "Aliyekurudisha mara ya kwanza alihitaji bahasha?"

Kaluki alitaka kumwambia pale pale. Lakini alimwona akiisoma tena karatasi ya upasuaji aliyokwisha kuitia sahihi, akakumbuka kwamba na yeye, Kivuva, alikuwa anaogopa kumpoteza, au alikuwa anaogopa Jumapili, na hakujua ni ipi. Sista Nekoye akasema taratibu kwamba karatasi ile ya pili ilihitaji sahihi ya mama peke yake.

"Yake peke yake?" Kivuva aliuliza. "Bila mimi?"

"Mwili ni wake, Bwana."

Kaluki aliandika jina lake kwa herufi za darasa la sita, kubwa, zilizolala upande mmoja. Kivuva alisubiri amalize, akamrudishia Sista kalamu, akaomba sala fupi iliyokuwa imekauka, akaenda zake.

*

Kule thieta, chumba cha upasuaji, alilazwa mikono imenyooshwa. Kitambaa cha kijani kilimkinga asione chini. Kichwani kwake alikaa Omondi, mtu wa ganzi, mwanamume mnene aliyejikata akinyoa kidevu.

"Mama Kanini, kazi yangu ni kukuuliza, na yako ni kunijibu. Ukisikia chochote, sema. Usinifiche kitu, mimi si baba mkwe."

Alisikia kuvutwavutwa bila maumivu, kama mtu anayetafuta kitu ndani ya mkoba wake. Kisha sauti ya mtoto, kali, yenye hasira. "Kijana!" mtu akasema. Omondi akachukua bomba, akasukuma dawa au maji, akafungua dripu, ikaanza kudondoka.

Haikuchukua muda. Moyo ulishtuka, ukaanza kukimbia. Masikio yakajaa. Taa ikajivuta nyuma. Ni hiyo, Kaluki akawaza, ni hiyo hiyo, nayo imekuja.

"Unasikia nini?" Omondi akauliza.

Miaka minne watu walikuwa wamemwambia alichokisikia. Midomo ilikuwa mizito. "Nazama," akasema. "Nasikia baridi. Naogopa."

"Sawa. Presha imeteremka kidogo, nakuongezea maji, nakupa na kitu cha kuipandisha. Kaluki! Kaluki, niangalie. Uko hapa hapa Ruiru, hujafika mbali."

Hiyo sauti, jina lake likiitwa mara mbili. Kaluki alimtazama mtu yule juu yake, amepinduka kichwa chini miguu juu, na lile jeraha dogo kwenye kidevu. Hakukuwa na mji. Kulikuwa na taa, harufu ya spiriti, na mwanamume mnene akihesabu mapigo ya moyo wake. Taratibu taa ikarudi mahali pake.

"Na sasa?"

"Nimerudi," akasema, kisha akajirekebisha. "Nipo. Nilikuwepo."

Walimlaza mtoto shavuni pake. Alimshukuru Mungu, kwa moyo wote, kwa maneno machache. Na baada ya shukrani kukaja kitu ambacho hakukitarajia, kitu kama kufiwa. Kwa hivyo hukuniita, Bwana, aliwaza. Miaka hii yote nilidhani hata kama wengine hawanijui, wewe ulinijua kiasi cha kuniita kwa jina.

*

Walikuja siku ya pili, saa ya kuona wagonjwa. Kivuva mbele, kofia mkononi, amevaa koti la harusi. Nyuma yake Syokau na chupa ya uji, kitambaa cheupe cha kanisa kichwani. Nyuma yao Mzee Kimeu, mkubwa wa washirika wa Gatongora, na mkewe, mama mpole aliyeshika maua yaliyoloa mvua.

Waliimba ubeti mmoja kwa sauti ya chini. Wakaomba. Mzee Kimeu akakaa ukingoni mwa kitanda cha pili, kilichokuwa tupu, akaweka fimbo kati ya magoti.

"Dada yetu," akasema, "sisi huko Gatongora tumesikia mengi. Jumapili tunamwekea mume wako mikono. Tukasema, kabla ya siku hiyo, tusikie wenyewe, kwa mdomo wako. Safari hii umeona nini?"

Kivuva alimtazama mkewe. Si kwa ukali. Alimtazama kama mtoto anavyomtazama mama dukani, akijua hana kitu lakini anatumaini.

Kaluki alihamisha mtoto mkono wa pili. Kidonda kilimvuta.

"Mzee, nimeona taa," alisema. "Nimezama tena kama mara ile, na mara hii kulikuwa na mtu wa kuniuliza. Mtoto akishatoka kuna dawa wanatia ya kukaza tumbo. Ikienda haraka inaweza kushusha presha, unasikia kama unakufa. Inaweza kuwa ni ganzi pia, hawajui. Akina mama wengi wanasikia hivyo. Mimi sikufa, Mzee. Wala mara ya kwanza sikufa. Mungu alinihifadhi, hilo nitalisema popote. Lakini mji sikuuona."

Mama mwenye maua alitafuta mahali pa kuyaweka, asipate.

"Na ile sauti?" Syokau akauliza kwa haraka. "Si uliniambia uliitwa?"

"Niliitwa, Mwaitu. Nadhani ni daktari."

Mzee Kimeu alikohoa. "Tumwachie Mungu," akasema, akisimama. Ni maneno mazuri, na watu huyasema mlango ukishafungwa. Alimpa Kaluki mkono, mkewe akaweka maua miguuni mwa kitanda, wakatoka. Kule nje wakasikika wakipanua mwavuli.

"Ungengoja Jumapili ipite," Kivuva akasema.

"Jumapili ungenisimamisha mbele."

"Ungeitikia tu kwa kichwa! Kuna kazi gani? Si umekuwa ukiitikia?"

"Ndiyo. Nilikuwa naogopa, Baba Kanini. Kila usiku nilikuwa naogopa kufa na sikuwa na wa kumwambia, kwa sababu mlisema nimeshakufa."

Mdomo wa Kivuva ulifunguka. Pengine angeuliza kitu, na pengine kingekuwa ndicho alichokingoja miaka minne. Lakini alichungulia dirishani, akauona mwavuli wa Mzee Kimeu ukielekea getini.

"Mtoto," Kaluki akasema, akimwinua kidogo. "Mwite kwanza. Hajaitwa."

"Nakuja," Kivuva akasema. "Wacha niwafikie wale." Akavaa kofia na kutoka mbio, na kupitia dirishani Kaluki alimwona akirukaruka madimbwi kwa viatu vya harusi, mkono mmoja juu, akiita.

Hakurudi. Kengele ya kumaliza saa ya wageni ilipigwa, mwangaza ukapungua wodini, naye hakurudi.

Syokau alikuwa bado amesimama palepale. Alifungua chupa, akamimina uji kikombeni, akakisogeza mahali ambapo mkono wa Kaluki ungefika bila kuvuta kidonda. Alikunja leso iliyoanguka. Alipanga maua. Kazi zote zilipokwisha, alishika chuma cha kitanda.

"Kwa hivyo ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyeanza kuwadanganya watu."

"Sikusema hivyo, Mwaitu. Ulifurahi. Ulifurahi sikufa."

Syokau alimtazama mtoto muda mrefu, ile ngozi ya paji iliyokunjamana, yale masikio mapana ambayo Kaluki alikuwa ameyaona kwenye picha ya marehemu Baba Kivuva tu. Kisha mama yule akainama, polepole, magoti yakilia, hata kitambaa chake cheupe kikagusa kifua cha Kaluki. Akaweka mdomo sikioni mwa mtoto.

"Mulei," akasema.

Sauti ilitoka imekauka, kama mlango wa chumba kisichotumika. Alisema mara hiyo moja. Alijiinua, akafuta mdomo kwa ncha ya leso, akachukua chupa yake ya uji, akatoka.